Miti ya Kushikilia Nyumba: Maongezi kwa Mafundi wa Voi

(Maneno yafuatayo yalisomwa na mfasiri wa Serikali katika mkutano wa mafundi, vibarua na wenye nyumba uliofanyika Voi. Tumeyachapa kama yalivyosemwa.)



Kwanza yanipasa niseme wazi kwamba mimi si mjenzi. Kazi yangu ni kufasiri. Hati za usalama kazini hunifikia zikiwa kwa Kiingereza, nami huzigeuza ziwe Kiswahili ambacho mtu aweza kukisoma akiwa amesimama juani na karai mkononi. Tangu nizaliwe sijapata kumwaga hata toroli moja la zege. Lakini mfasiri akikosea neno, kosa lake laweza kumwangukia mtu mwingine kichwani, na hiyo ndiyo sababu nilikubali kusimama mbele yenu.

Zamani kidogo nilipewa tangazo la kufasiri, la kubandikwa mahali pa kazi. Lilihusu ile miti na vyuma tunavyosimamisha chini ya zege bichi, na ile tunayoiegemeza ukutani wakati wa kubomoa. Mafundi wengi hapa huita propu. Watu wa pwani wana neno lao la zamani, gadi, yaani miti inayoshikilia chombo kisianguke ubavu kinapopandishwa pwani. Mimi nilijiona mjuzi, nikaandika "vishikizo vya muda." Nilipendezwa sana na maneno hayo. Kisha nikampelekea mwashi mmoja mzee ayasome kabla hayajachapwa, maana nimejifunza kwamba ni heri kuaibika mbele ya mtu mmoja kuliko mbele ya mia.

Akasoma, akavua miwani yake, akaniambia, "Mwanangu, neno hili muda limeharibu kazi yote. Ukimwambia kibarua kitu ni cha muda, atatia mti wowote, kwa kuwa kesho utaondolewa. Na hapa umeandika viondolewe baada ya siku kumi na nne. Siku kumi na nne tangu lini? Tangu tulipofunga mbao, au tangu tulipomaliza kumwaga?"

Nikasema, "Mzee, nadhani ni tangu kumaliza kumwaga."

Akanijibu, "Wewe wadhani. Na yule atakayekuwa chini yake, naye adhani?"

Basi tangazo lile nililiandika upya, na nitawaeleza mwishoni lilivyokuwa. Lakini kwanza na tulitazame jambo lenyewe, kwa kuwa yule mzee alinichukua siku tatu mfululizo kunionyesha kazi, na mengi nitakayoyasema ni yake.

Hebu fikirini chumba kidogo cha kawaida, urefu mita 4 na upana mita 3, nacho chataka kutiwa sakafu ya juu ya zege yenye unene wa sentimita 15. Meta moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Fanyeni hesabu: chumba hicho kitachukua mita za ujazo 1.8, yaani zaidi ya kilo 4,300. Hapo hatujahesabu nondo, wala mbao, wala watu kumi wanaopita na matoroli. Ninyi wa Voi hamhitaji kuelezwa kilo elfu nne ni nini, maana mwawaona ndovu wa Tsavo wakivuka kwenda majini. Kutia zege chumba kile ni kumpandisha ndovu juu ya dari, na kumwambia mti wa mkaratusi umshike mpaka atakapojifunza kusimama mwenyewe.

Kwa maana zege bichi halina nguvu hata kidogo. Ni uji. Nguvu yote ya nyumba siku ile imo katika miti, na nyumba hiyo ya miti ndiyo nzito kuliko zote kuijenga, ijapokuwa hakuna atakayeikumbuka. Ramani ya nyumba huchorwa, ikapelekwa kwa wakubwa ikapigwa mhuri. Ramani ya miti mara nyingi imo kichwani mwa seremala, naye huenda hajalala vyema.

Mti hushindwa kwa njia mbili tatu, nami nataka kukaa hapa kidogo. Ya kwanza ni kupinda. Chukueni ufito mfupi wa shibiri moja, muusimamishe na kuukandamiza kwa kiganja, hautaki kupinda. Sasa chukueni ufito wa unene ule ule, wenye urefu wa mkono mzima. Mara moja utajikunja ubavuni. Wataalamu wameipima habari hii: mti mwembamba ukiongezwa urefu mara mbili, mzigo unaoweza kuuchukua kabla ya kupinda hupungua ukabaki robo tu. Haukuoza wala haukuliwa na mdudu. Ni urefu tu. Dawa yake ni kuufunga katikati kwa mbao za kukingama, huku na huku, pande zote mbili, pamoja na zile za mshazari, ili miti yote iwe kitu kimoja. Nimewaona mafundi wakifunga upande mmoja wakaacha wa pili. Mti hauna adabu ya kupinda upande ule uliofungwa tu.

Ya pili ni ardhi. Udongo wetu mwekundu wa Voi ukiwa mkavu ni kama jiwe, hata sururu hulia. Mvua za Novemba zikinyesha usiku mmoja, asubuhi ni tope. Mti uliosimamishwa juu ya udongo ule, au juu ya kipande cha tofali lililovunjika, hudidimia. Ukididimia mmoja, mzigo wake haupotei. Huhamia kwa jirani zake, nao sasa wanabeba cha kwao na cha mwenzao. Ndiyo maana chini ya miti hulazwa ubao mpana na mnene, na juu ya ubao hupigwa kabari mbili za mti mgumu, zinazoelekeana, kisha zikapigiliwa msumari zisiteleze. Miguu ya miti na itazamwe kila baada ya mvua, kabla mtu yeyote hajapanda juu. Na katika nchi hii yetu ya mchwa, mti uliokaa chini mwezi mzima na upigwe kwa nyundo usikilizwe; mtupu hulia kama ngoma.

Milimani, Wundanyi na Mgange, nadhani somo hili si geni. Kila mkulima ajua jinsi ya kuutegemeza mgomba wenye mkungu mzito. Hachukui kijiti chochote. Hutafuta mti wenye panda, akaukita vizuri, akauelekeza dhidi ya upande unaolalia mgomba. Wala hauondoi kabla ya kukata mkungu. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, akishuka Voi kuwa kibarua, huambiwa ang'oe miti chini ya tani nne, naye hung'oa bila kuuliza.

Hapa nawaomba mnivumilie nisimulie jambo nililolisikia kwa masikio yangu. Sitataja mji, wala mwenye jengo. Niliitwa kufasiri katika uchunguzi wa ajali. Palikuwa na duka jipya lenye kibaraza cha zege kilichotoka nje ya ukuta kiasi cha mita moja na nusu, bila nguzo mbele, kama mnavyoviona katika maduka mengi ya barabarani. Miti na vyuma vya kushikilia vilikuwa vya kukodi, na kodi hulipwa kwa siku. Siku ya tisa mwenye kazi akaona gharama inampanda, akaagiza viondolewe vikatumike kwingine. Kijana mmoja wa milimani, hajatimiza miaka ishirini na miwili, akaingia chini kuving'oa. Akaanza na vile vilivyo karibu na ukuta, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa kivulini.

Sasa sikilizeni, maana hapa pana siri ambayo wengi hawajui. Kibaraza kinachoning'inia hushikwa na ukuta peke yake, na nondo zake huwekwa upande wa juu, kwa kuwa upande wa juu ndio unaovutika. Ukiondoa miti ya karibu na ukuta ukaacha ile ya mbele, umekigeuza kibaraza kuwa daraja: kimeshikwa huku na kule, na katikati kinabonyea. Sasa ni upande wa chini unaovutika, na huko chini hakuna nondo. Zege la siku tisa lisilo na chuma, lipasuke nini? Lilipasuka katikati, likamwangukia. Hakufa. Mguu wake wa kulia ulikatwa.

Mchunguzi alimwuliza kwa Kiingereza, nami nikafasiri, "Ni nani aliyekuambia uanze karibu na ukuta?"

Kijana akanitazama mimi, siyo mchunguzi, akasema, "Hakuna aliyeniambia nisianze huko."

Nililifasiri jibu hilo, likaandikwa. Nimelifasiri tena mara nyingi nikiwa peke yangu.

Kwa hiyo ishikeni kanuni hii. Kibaraza kinachoning'inia huondolewa miti kuanzia ncha ya nje, kuja ukutani polepole. Lakini sakafu iliyoshikwa na kuta pande zote huanziwa katikati, kwenda ukutani. Wala kabari hazipigwi zikaruka kwa mara moja. Hulegezwa kidogo kidogo, safu kwa safu, watu wakisikiliza, na hakuna mtu asiyehusika anayeruhusiwa kupita chini.

Kuhusu siku, msiniulize mimi, mwulizeni mhandisi wenu, naye awape jibu kwa maandishi. Hesabu inayotumika sana kwa sakafu za nyumba ndogo ni siku 14 tangu siku ya kumaliza kumwaga, na boriti ndefu hukaa zaidi, pengine siku 21 au hata 28. Lakini siku hizo ni za zege lililonyweshwa maji. Jua la Voi hutudanganya. Zege hukauka upesi sana, juu likawa jeupe na gumu, mtu akalikanyaga akasema limekomaa. Kukauka si kukomaa. Zege hupata nguvu kwa saruji kunywa maji, na likikauka kabla ya wakati, hubaki dhaifu kama mtoto aliyeachishwa ziwa mapema. Lifunikeni magunia, myaloweshe asubuhi na jioni kwa siku saba angalau. Najua maji ya Voi si ya kuchezea, na mapipa yanunuliwa. Hata hivyo ni rahisi kuliko mguu.

Katika jengo la ghorofa mambo huzidi. Mtu akimwaga ghorofa ya tatu, miti yake imesimama juu ya ghorofa ya pili, ambayo yenyewe bado changa. Miti ya chini ikiondolewa, mzigo wa sakafu mbili huangukia sakafu moja isiyo na umri. Hivyo miti hubaki ghorofa mbili au tatu kwenda chini, na ya juu huwekwa sawasawa juu ya ya chini, kwa timazi. Afrika Mashariki imelipa ada kubwa kwa majengo yaliyoanguka yangali yanajengwa. Tarehe 23 Januari 2006 liliporomoka jengo katikati ya Nairobi, na watu zaidi ya kumi wakafa. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lilianguka Dar es Salaam, watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Tarehe 26 Juni 2017 daraja la Sigiri juu ya mto Nzoia, kule Busia, lilianguka kabla halijafunguliwa, na wafanyakazi wakajeruhiwa. Kila ajali ilikuwa na sababu zake, wala sisemi zote zilitokana na miti. Nasema tu kwamba jengo lisilokwisha ndilo lililo katika hatari kuliko lililokwisha.

Hili halikuanza jana. Wengi wakisikia Tsavo hukumbuka simba wa mwaka 1898, nao simba hao wamelifunika jambo jingine lililotokea pale pale. Wajenzi wa daraja la reli, lililomalizika mwaka 1899, walikuwa wametengeneza vijia vyepesi vya kuvukia mtoni, vya kupitishia magari madogo ya mawe. Mto ulipofurika, maji yaliking'oa cha kwanza, na mabaki yake yakaenda kupiga cha pili, vyote viwili vikachukuliwa. Daraja lenyewe likasimama. Mto haukutofautisha kati ya kazi ya kudumu na kazi ya siku chache. Ulipiga kila kilichokuwa njiani.

Sasa kubomoa. Hapa nitasema machache, lakini msiyapime kwa wingi wake. Mwaka 2023 Voi ilishuhudia nyumba nyingi zikibomolewa katika mtaa wa Msambweni. Shauri la ardhi ile silo la maongezi haya, na wengine mlioketi hapa mwalijua kwa uchungu kuliko mimi. Lakini baada ya bomoabomoa yoyote, mahali popote, hubaki kuta nusu nusu, na watu huzijia kuokota matofali, mabati na nondo. Ukuta uliopoteza paa na kuta za pembeni umepoteza waliokuwa wakiushika. Upepo wa alasiri watosha kuuangusha. Watoto wasiachwe hata kidogo kuuchezea.

Nyumba hubomolewa kinyume cha ilivyojengwa: kilichowekwa mwisho hutoka kwanza. Paa, kisha kenchi, kisha kuta kutoka juu kwenda chini. Kabla ya yote umeme na maji hukatwa, na uzio huwekwa. Anayechimba ukuta chini kwa mtaimbo ili uanguke wote kwa pamoja anachimba kaburi asilolijua ni la nani. Kifusi kisirundikwe juu ya sakafu, maana ni ndovu yule yule amerudi. Na duka likibomolewa katikati ya maduka mawili yaliyoshirikiana ukuta, jirani apewe habari mapema, na ukuta wake utiwe gadi za mshazari zilizokitwa chini imara kabla ya kuondoa kinachouegemeza, si baada ya ufa kuonekana.

Hali kadhalika kwa kuchimba chini ya jengo linalotumika. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, asubuhi watu wakiwa dukani. Taarifa za wakati ule zilisema palikuwa na kazi ya kupanua sehemu ya chini ya biashara. Waliokufa walizidi 20, na wengine walipiga simu kutoka chini ya kifusi wakiomba maji na hewa. Ninyi mlio na jamaa wanaochimba vito kule Kasigau na Mkuki mwajua mchimbaji hasogei hatua ya mbele kabla hajatia mti nyuma yake. Au akisogea, mwajua pia mwisho wake.

Nimebakiza neno la sheria, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na kanuni za kazi za ujenzi za mwaka 1984. Mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, ana wajibu wa kumwarifu msimamizi mara moja, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali pale hatari ikiwa ingalipo. Narudia: kusema "miti hii sipiti chini yake" si ujeuri. Mtu akifa kazini, mwajiri lazima amwarifu afisa wa usalama katika muda wa saa 24. Iko pia sheria ya fidia kwa walioumia kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, inayomtaka mwajiri awe na bima. Kijana yule niliyemtaja alikuwa hajui lolote katika haya mpaka alipoketi mbele yangu na magongo yake. Mengine, kama usajili wa kazi za ujenzi kwa Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, na kanuni mpya za majengo zilizoshika mahali pa zile za mwaka 1968, yamhusu zaidi mwenye jengo. Naye namwambia hivi: kodi ya siku tano za propu na iandikwe katika hesabu tangu mwanzo, ili siku ya tisa isije ikawa siku ya majaribu.

Tangazo nililoliandika upya ni fupi. Neno "muda" nimelifuta. Lasema: "Miti hii inabeba nyumba. Hesabu siku tangu kumaliza kumwaga zege. Mwaga uliisha tarehe" na hapo pameachwa nafasi, fundi ajaze kwa mkono wake. "Isiguswe kabla ya tarehe" na hapo tena nafasi. "Anza kuondoa hapa," pamoja na mshale, ambao fundi huuchora mwenyewe kulingana na kazi. Chini kabisa pana mahali pa jina la aliyetoa ruhusa. Yule mzee alisoma, akasema mshale uwe mkubwa zaidi, kwa kuwa si wote wanaosoma. Nimeukuza.

Nakala arobaini ziko juu ya meza karibu na mlango, pamoja na kalamu za makaa. Asiyekuja na miwani yake amwombe kijana aliye karibu naye amsomee. Sasa nayakaribisha maswali, nikianza na yule fundi aliye nyuma, aliyeinua mkono tangu nilipotaja kabari.